Kanuni Iliyomo Ndani ya Ukurasa ni Agizo la Tabibu

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kwa kuwa natamani hoja ninayoileta hapa izae matunda, naanza kwa kuungama kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, katika msimu wa masika, siku ambayo mvua ilitupa nafasi, tulikwenda kutoa huduma za mkoba katika kijiji kimoja cha bonde la Kilombero, ng'ambo ya mto ukitokea Ifakara. Mizani ya kuning'iniza ilifungwa kwenye tawi la mwembe, nao akina mama wakapanga foleni na kadi za kliniki mkononi. Nilikuwa na kishikwambi chenye ukurasa mdogo niliouandika mwenyewe. Muuguzi alipaswa kuandika uzito wa mtoto wa kliniki iliyopita kama ulivyo kwenye kadi, kisha uzito wa leo, na ukurasa ungemjibu papo hapo iwapo mtoto ameongezeka au amepungua. Mtandao haukuwapo kijijini, lakini ukurasa huo haukuuhitaji. Nilijiona nimefanya jambo kubwa.

Akaja bibi mmoja amembeba mjukuu wake mgongoni. Mama wa mtoto alikuwa shambani akipalilia mpunga. Kadi ilionyesha kilo 9.6. Mizani ikasoma kilo 10.2. Muuguzi aliandika namba zote mbili bila kukosea, akabofya kitufe, na ukurasa ukajibu kwa maandishi mekundu: "Uzito umepungua." Kwa upole akaanza kumwuliza bibi kama mtoto amehara, kama anakula, kama amepata homa. Bibi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema:

"Mwanangu, huyu nimembeba kutoka mtoni hadi hapa. Mgongo wangu unaniambia amezidi. Hicho kioo chenu kimembeba lini?"

Muuguzi akaitazama kadi tena, akanitazama mimi. Kumi ni zaidi ya tisa. Hata mtoto wa darasa la kwanza analijua hilo. Tulimpima mtoto upya, mizani ikarudia jibu lake. Nilimwomba bibi radhi mbele ya watu. Tulipolipitia daftari la asubuhi ile, tuligundua kwamba mtoto mwingine aliyevuka kutoka kilo 9 hadi kilo 10 alikuwa amekwisha kupewa ushauri wa mtoto anayedhoofika, na mama yake alikuwa ameshaondoka akiwa na hofu. Ilibidi mhudumu wa afya ngazi ya jamii amfuate nyumbani kumwambia kwamba mwanawe anakua vizuri.

Mizani ilikuwa nzima. Muuguzi hakukosea. Kosa lilikuwa katika mistari michache ambayo hakuna aliyekuwapo pale angeweza kuisoma isipokuwa mimi, nami sikuwa nimeisoma kwa makini. Hoja yangu leo inatokana na siku ile: kanuni inayoandikwa ndani ya ukurasa wa kliniki ni agizo la tiba sawa na lile tunaloliandika kwenye faili la mgonjwa, kwa hiyo sisi tunaotibu tujifunze kuisoma, na ikiwezekana kuiandika.

Kwanza tuelewane kuhusu ukurasa wenyewe. Ukurasa unaoonekana kwenye kivinjari cha simu au kompyuta una sehemu tatu, na tabibu anaweza kuzifananisha na mwili. Mifupa yake ni HTML, lugha inayosema hapa pana kichwa cha habari, hapa pana kisanduku cha kujaza, hapa pana kitufe. Ngozi na mavazi yake ni CSS, inayopanga rangi, ukubwa wa herufi na nafasi. Neva zake ni JavaScript, lugha inayoufanya ukurasa uhisi umeguswa na uitikie: ukibofya, ukiandika, ukikosea. Lugha hii ilibuniwa mwaka 1995 na Brendan Eich, aliyekuwa kampuni ya Netscape nchini Marekani. Jina lake lisikupoteze, kwani si lugha moja na Java. Zimefanana jina tu.

Maelekezo mafupi ya JavaScript yanayowekwa ndani ya ukurasa huitwa skripti. Jambo la kuzingatia ni mahali yanapotekelezwa. Ukurasa hutoka kwenye seva, yaani kompyuta kubwa iliyoko mbali, lakini skripti ikishafika hufanya kazi yake ndani ya kifaa ulichokishika. Anayefanya kazi zahanati ataielewa tofauti hii upesi. Sampuli unayoipeleka maabara ya mbali husubiri basi, husubiri zamu yake, kisha majibu yanarudi. Kipimo cha haraka cha malaria unakifanya mezani kwako na kulisoma jibu mgonjwa akiwa bado ameketi mbele yako. Kazi inayofanywa na seva ni kama ile sampuli. Kazi inayofanywa na skripti ni kama kile kipimo cha haraka.

Kwa bonde letu tofauti hiyo ni kubwa. Daraja la Magufuli, lililozinduliwa mwaka 2018, limetuondolea kusubiri kivuko katika mto Kilombero, lakini bado kuna vijiji ambavyo masika yanavitenga, na kuna mashamba ya mpunga ambako familia huhamia kwa miezi kadhaa na ambako mnara wa simu hauonekani. Ukurasa ambao umekwisha kuhifadhiwa kwenye kifaa, na ambao hesabu zake zote hufanywa na skripti, utafanya kazi huko kama unavyofanya kazi mjini.

Sasa tuurudie ukurasa wangu, safari hii ukiwa umesahihishwa. Ndugu msomaji, hata kama hujawahi kuandika programu, usiiruke sehemu hii. Fungua programu yoyote ya kuandikia maandishi ya kawaida kwenye kompyuta, nakili mistari ifuatayo, hifadhi faili kwa jina uzito.html, kisha lifungue kwa kivinjari. Huhitaji intaneti wala kununua chochote.

<p>Uzito wa kliniki iliyopita: <input id="awali"></p>
<p>Uzito wa leo: <input id="leo"></p>
<button onclick="linganisha()">Linganisha</button>
<p id="jibu"></p>
<script>
function linganisha() {
  let awali = Number(document.getElementById("awali").value);
  let leo = Number(document.getElementById("leo").value);
  let jibu = document.getElementById("jibu");
  if (!(awali > 0 && leo > 0)) {
    jibu.textContent = "Andika uzito wote kwa tarakimu, kwa kilo.";
  } else if (leo < awali) {
    jibu.textContent = "Uzito umepungua. Pima tena.";
  } else if (leo === awali) {
    jibu.textContent = "Uzito haukubadilika.";
  } else {
    jibu.textContent = "Uzito umeongezeka.";
  }
}
</script>

Mistari minne ya mwanzo ni mifupa: visanduku viwili, kitufe kimoja, na nafasi tupu ya kuwekea jibu. Neno function huanzisha kazi yenye jina, nami nimeiita linganisha. Kitufe kikibofywa, kazi hiyo huitwa. Neno let huweka thamani ndani ya chombo chenye jina, na majina hayo tunayachagua wenyewe, ndiyo maana nimetumia Kiswahili. Neno if ni "kama", na else ni "vinginevyo". Alama tatu za usawa zikifuatana huuliza kama thamani mbili ni sawasawa. Anayejua kuusoma mwongozo wa matibabu ameshaizoea njia hii ya kufikiri: kama mtoto ana dalili ya hatari, mpe rufaa, vinginevyo, endelea na hatua inayofuata.

Kosa langu lilikuwa wapi? Siku ile neno Number halikuwamo. Kila kitu kinachoandikwa kwenye kisanduku cha ukurasa kama huu huifikia skripti kikiwa maandishi, si namba. Nayo maandishi hulinganishwa kama maneno ya kamusi, herufi kwa herufi kuanzia kushoto. Katika kamusi hiyo 10.2 hutangulia 9.6, kwa sababu 1 hutangulia 9. Skripti ilipoulizwa kama 10.2 ni ndogo kuliko 9.6, ilijibu ndiyo bila wasiwasi wowote. Neno Number hubadilisha maandishi kuwa namba, na hapo ndipo hesabu inakuwa hesabu. Ukitaka kulishuhudia kosa hilo, liondoe neno hilo pamoja na mabano yake katika mistari yote miwili, kisha ujaribu namba za yule mtoto.

Kinachonitisha zaidi ni kwamba ukurasa wangu wenye kosa ulikuwa unajibu sahihi mara nyingi. Mtoto wa kilo 7.8 aliyefikia 8.3 alijibiwa sawasawa. Mwenye 11.0 aliyefikia 11.4 vilevile. Niliujaribu nyumbani kwa namba za aina hiyo, nikaridhika. Kosa lilijificha katika kizingiti cha kilo 10, mahali ambapo watoto wengi wenye afya hupita. Mtaalamu wa kompyuta asiyewahi kusimama kwenye kliniki ya watoto hana sababu ya kukifikiria kizingiti hicho. Sisi tunayo.

Tuchukue mfano wenye uzito zaidi. Dawa mseto ya malaria, ile yenye artemether miligramu 20 na lumefantrine miligramu 120 katika kila kidonge, hutolewa kwa uzito. Mtoto wa kuanzia kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa kidonge kimoja kwa kila dozi. Kuanzia 15 hadi chini ya 25, viwili. Kuanzia 25 hadi chini ya 35, vitatu. Kuanzia 35 na kuendelea, vinne. Mara mbili kwa siku kwa siku tatu. Mwandishi wa skripti akiandika "ndogo kuliko 15", mtoto wa kilo 15 kamili atapata vidonge viwili, kama inavyotakiwa. Akiandika "ndogo kuliko au sawa na 15", mtoto huyohuyo atapata kimoja, yaani nusu ya dozi yake. Tofauti ya maelekezo hayo mawili katika JavaScript ni alama moja tu ya usawa. Mfamasia akibadilisha dozi ya mgonjwa kwa kiasi hicho, tutamwita atoe maelezo. Ukurasa ukifanya hivyo, nani ataitwa?

Najua zipo hoja za kunipinga, na baadhi nimeambiwa na wenzangu ninaowaheshimu. Wengine husema kila mtu na fani yake: daktari asome tiba, msimbo aachiwe mtaalamu wa kompyuta. Sikatai kwamba mifumo mikubwa hujengwa na wataalamu, na wapo wengi wazuri. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza mwaka 2004 kwa ushirikiano wa wataalamu wa Indiana, Marekani, na wa Eldoret, Kenya, umetumika hapahapa Ifakara katika kliniki ya magonjwa sugu inayowahudumia wanaoishi na VVU. DHIS2, unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ndio Tanzania inaoutumia kukusanya taarifa za vituo vya afya. Yote miwili hufunguliwa kwenye kivinjari, na fomu zake huweza kubeba kanuni za kukagua kinachoandikwa. Simwambii muuguzi aijenge upya mifumo hiyo. Ninachosema ni kwamba kanuni zilizomo ndani yake zinatoka katika elimu ya tiba, na mwenye elimu hiyo akishindwa kuzisoma, atakuwa anatia saini asichokijua. Sisi si mafundi wa maabara, lakini hatukubali kusoma majibu ya damu bila kujua kipimo kinafanyaje kazi na kinadanganya lini.

Wengine husema wauguzi wamezidiwa na kazi. Ni kweli tupu, nami nimezifanya zamu hizo. Lakini kazi inayomlemea muuguzi zaidi ni ile ya kurudia. Fomu iliyokubali kilo 82 kwa mtoto wa kilo 8.2 hurudishwa baada ya wiki kadhaa kutoka makao makuu, wakati mtoto ameshaondoka na hakuna anayekumbuka. Mstari mmoja wa skripti ungeuliza palepale: "Kilo 82 kwa mtoto wa miaka miwili? Tazama nukta." Usipoziba ufa, utajenga ukuta, na ukuta huo huwa unajengwa na muuguzi yuleyule.

Wapo pia wasemao kwamba siku hizi kompyuta zenyewe huandika msimbo, basi kujifunza ni kupoteza muda. Mimi naona kinyume chake. Kadiri ilivyo rahisi kuupata msimbo bila jasho, ndivyo anavyohitajika zaidi mtu wa kuusoma na kuuliza: itakuwaje kwa mtoto wa kilo 15 kamili?

Hata hivyo nisiipambe skripti kwa sifa isizokuwa nazo. Yeyote mwenye kivinjari anaweza kuifungua na kuisoma, kwa hiyo nenosiri au taarifa ya mgonjwa haipaswi kuandikwa ndani yake. Mtumiaji anaweza pia kuizima, hivyo kila taarifa inayotumwa lazima ikaguliwe tena na seva. Ukurasa kama huu wangu hauhifadhi kitu. Ukifungwa, namba zimepotea, na kadi ya mtoto inabaki kuwa kumbukumbu. Tena ukurasa uliohifadhiwa kwenye kifaa haujisahihishi: mwongozo wa dawa ukibadilika, nakala ya zamani itaendelea kutoa dozi ya zamani mpaka mtu aiondoe. Kipimo cha haraka hakiondoi haja ya maabara, wala skripti haiondoi haja ya jicho la muuguzi.

Bonde hili si geni kwa kazi ya takwimu. Maabara ya utafiti ya Waswisi ilianzishwa Ifakara katika miaka ya 1950, nayo ndiyo mzizi wa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Mwaka 1996 ulianza mpango wa kufuatilia kaya za Kilombero na Ulanga, wapimaji wakizunguka nyumba kwa nyumba kuandika vizazi, vifo na watu waliohama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 kutoka maeneo hayo ulionyesha kwamba vyandarua vyenye dawa vilihusiana na ongezeko la asilimia 27 la uhai wa watoto wa kati ya mwezi mmoja na miaka minne. Namba hiyo ilipatikana kwa sababu kuna watu waliohangaika na kila tarehe na kila jina. Uangalifu ule waliouweka kwenye karatasi ndio tunaopaswa kuuhamishia kwenye ukurasa.

Napendekeza mambo matatu. La kwanza, vyuo vinavyofundisha madaktari, wauguzi, wafamasia na matabibu vitenge saa chache za kusoma na kuandika skripti ndogo kama hii, kwa Kiswahili, kwa mifano ya uzito, dozi na tarehe ya kujifungua. Lengo lisiwe kumfanya kila mwanafunzi mtunga programu. Litoshe awe mtu anayeweza kuona kwamba alama imekosewa. La pili, kila fomu ya kielektroniki inayotoa ushauri wa tiba iambatane na karatasi inayozieleza kanuni zake kwa Kiswahili cha kawaida, iliyosainiwa na mtabibu aliyezikagua. La tatu, kabla fomu haijafika kwa mgonjwa, wahudumu wa kituo wenyewe waijaribu kwa visa vigumu: kisanduku kitupu, sifuri, mkato uliowekwa badala ya nukta, namba iliyo juu ya kizingiti kabisa, mtoto aliyevuka kutoka 9 hadi 10.

Ninalo ombi pia kwa wahudumu walioko vituoni leo, kabla vyuo havijaamua lolote. Ukurasa unapokuambia jambo ambalo kadi, mizani na mama wa mtoto wanalikanusha, simama. Usimpe mtoto dawa wala usimpe mama hofu mpaka umejua nani amekosea. Andika ulichokiona, mpelekee mwenye mfumo, na udai jibu.

Yule muuguzi wa siku ile alinikabidhi kishikwambi changu bila neno la lawama, akaendelea kusoma kadi kwa macho mpaka foleni ikaisha. Jioni hiyo, tukisubiri gari chini ya mwembe, nilimwonyesha mstari uliokosewa. Aliutazama kitambo, akauliza, "Daktari, kumbe ni hiki tu?" Nikamwambia ni hicho tu. Akasema, "Basi ungenionyesha mapema, ningekuuliza juu ya kumi."